Mwongozo kwa Anayetaka Kuacha Nyama Bila Kuachwa na Ndugu

Tafuta sababu kwanza, maana utaulizwa. Dini hupita bila mjadala: ukisema wewe ni Msabato, wa wale wasiogusa nyama kabisa, au umekulia katika familia ya Kihindu pale Upanga, watu watakuelewa na kukusogezea bakuli la maharage. Ugonjwa nao unaheshimika, hasa gauti, kwa kuwa ina sifa ya kuwapata wenye nazo. Sababu zisizopita ni mbili, kumhurumia ng'ombe na kuhurumia hali ya hewa. Ukizitaja mbele ya mjomba atakuuliza kwani ng'ombe amelalamika kwa nani, na kikao kitafungwa hapo hapo.

Kuna wanaokimbilia sayansi. Ni kweli kwamba mwaka 2015 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliziweka nyama za kusindikwa, soseji zikiwemo, katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani, na nyama nyekundu wakaiweka kundi linalofuata, la vitu ambavyo huenda vinaisababisha. Ila hoja hiyo uijue udhaifu wake. Mjomba hali soseji. Mjomba anakula mbuzi aliyemfahamu tangu anazaliwa.

Kabla ya kutangaza lolote, kagua unachokula sasa. Asubuhi ni chai na chapati, mchana wali maharage kwa mama ntilie, usiku ugali na mchicha au kisamvu. Nyama inaonekana Jumapili, na siku mshahara ulipotoka inaonekana kwa wingi. Maana yake siku nyingi za mwezi tayari huli nyama, isipokuwa hujawahi kuuita uamuzi. Uliuita tarehe ishirini.

Kwa hiyo usiwasikilize wanaokutisha kuhusu njaa na hamu. Tumbo lina uzoefu wa miaka. Shida iko kwa watu, kwa sababu kwetu nyama ndiyo heshima iliyopikwa. Mgeni anachinjiwa kuku. Kuku mwenyewe alikuwa anataga, na mwenyeji anajua kwamba wewe unajua. Sasa hapo ndipo unapotaka kusema, "Samahani, mimi siku hizi natumia mboga za majani."

Usiseme. Ukweni hasa, habari hizi zipelekwe na mshenga kama posa. Mpate wifi au shangazi mwenye ulimi mzuri, afike siku mbili kabla yako, na taarifa aivike koti la daktari. Mama mkwe atasikitika sana. "Maskini, pole yake mwanangu," atasema. "Basi nitamkaangia samaki."

Kwa watu wengi samaki si nyama, na dagaa hana hata cheo cha samaki. Amua mapema kama unakubaliana nao. Mtu wa Mwanza anayekataa sato na dagaa pamoja atakuwa na maelezo mengi ya kutoa, na mimi simshauri aanze yote mwaka mmoja.

Mitego mingine iko jikoni. Pilau hupikwa kwa supu ya nyama, kwa hiyo kuchambua vinofu na kuvipanga pembeni mwa sahani hakubadilishi kitu zaidi ya mwonekano wa sahani. Chipsi zako zimeogelea kwenye mafuta yaliyokaanga kuku. Urojo wa Unguja utakufaa sana kwa bajia, kachori na viazi vyake, alimradi useme mapema kwamba mishkaki hutaki. Kwa mama ntilie uliza swali lako kwa utaratibu, vinginevyo utajibiwa kwa upendo wote: "Usijali kaka, nyama nimeitoa. Nimekuwekea mchuzi wake tu."

Harusini, kwenye foleni ya chakula, uko salama. Kila mtu anaangalia sahani yake. Hatari ni ndafu. Mbuzi mzima ameokwa, amesimamishwa, ana majani mdomoni, MC anapaza sauti, na bibi harusi anakuja na kipande kwenye kijiti kukulisha wewe baba mdogo, kamera zikiwa puani kwako. Ukifunga mdomo, video hiyo itaangaliwa na koo mbili kwa miaka. Mimi naona bora umeze. Mbuzi hafufuki, na ukoo una kumbukumbu ndefu.

Yaliyobaki ni ya lishe, na hapa utani upungue. Protini haina wasiwasi kwa mwenye maharage, choroko, kunde, dengu, mbaazi za nazi na karanga. Madini ya chuma yaliyo kwenye mimea mwili huyachukua kwa shida kidogo: kamulia ndimu kwenye mboga au kula chungwa, na ile chai ya kushushia chakula isubiri saa nzima, kwa kuwa chai huyazuia. Kisamvu kitwange na ukichemshe hadi kiive kabisa, maana majani mabichi ya muhogo yana sumu. Ukiwa mjamzito, mweleze muuguzi wa kliniki unachokula kabla hajauliza.

Na vitamini B12. Anayeendelea na maziwa na mayai ataipata humo. Aliyeacha na hivyo pia asiitafute kwenye mchicha, haimo. Mwili huwa na akiba yake inayoweza kudumu miaka, ndiyo maana upungufu huchelewa kujionyesha, na unapojionyesha huenda umeshaumiza mishipa ya fahamu. Vidonge vyake vinauzwa duka la dawa. Nunua kabla hujamtuma mshenga.