Kisigino Hakina Masikio

Jamaa yangu wa Migori ana kisigino kinachomchoma kila alfajiri anapokanyaga sakafu. Akishatembea kidogo, maumivu yanalegea, naye anatangaza kuwa amepona. Ndivyo alivyo mkopeshaji huyu aitwaye maumivu ya utando wa unyayo: asubuhi hubisha hodi, ukipata joto hukuachia, jioni hudai na riba.

Bado anaapa kuukwea mlima Asego, kule Homa Bay, kwa mbio. Ukimwambia apumzike, anakutajia mwanariadha Kipchoge: marathoni ya Berlin, 2015, soli za ndani zikichungulia nje ya viatu, miguu ikivuja damu, na bado akashinda kwa saa 2 na dakika 4. Ni kweli, bwana. Ila yeye aliendea ushindi. Wewe, jamaa yangu, waendea fulana ya bure ya mbio.

Mbona humtaji mkimbiaji David Rudisha, jirani yetu wa Kilgoris? Goti lilipomsumbua mwaka 2013, aliachana na mashindano ya dunia ya Moscow. Mwaka 2015 akatwaa dhahabu Beijing, 2016 akaitetea ile ya Olimpiki kule Rio.

Mwenye rekodi ya dunia anapumzika. Mwenye rekodi ya kuchechemea anakaza kamba. Haya, kimbia. Wa bodaboda wanakungoja stejini.