Hongera Nne Kutoka Nyumba Moja

Baba watoto ni mtu wa hongera. Jirani akinunua bodaboda, mtoto wa fulani akifaulu, mzee akiruhusiwa hospitali, yeye keshatuma ujumbe wenye shughuli hawajafuta jasho. Kwa hiyo usiku ule ilipoingia picha ya mkono wenye pete, na maelezo kwamba posa ya kijana wa mwenzake wa kazini imepokelewa, hakuuliza bi harusi ni nani wala wa wapi. Aliandika, "Hongereni sana vijana wetu, Mungu awatangulie, tuko pamoja," akarudi kwenye mpira.

Anayeishi Dar es Salaam keshaona maji yalipozidi unga. Hongereni peke yake haina gharama. Mungu awatangulie nayo haina neno. Hiyo tuko pamoja ndiyo sahihi ya mkataba. Kabla ya mapumziko alikuwa ameingizwa kwenye grupu la harusi, na mpira haujaisha jina lake likawa namba kumi na nne kwenye orodha, mbele yake pameandikwa: ahadi 100,000.

"Nani kasema laki?" aliuliza sebule nzima.

Hakuna aliyesema. Mhazini alichukua tu kima cha chini cha kadi ya watu wawili, akamalizia na "Mungu akuzidishie mzee wetu".

Zamani hongera ilikuwa na nafasi ya kupumua. Kadi ya mchango ililetwa na mtu kwa miguu yake, tena kavaa vizuri, na ukimwona anakata kona unaweza kumtanguliza mtoto akaseme baba katoka. Tangu M-Pesa ianze nchini mwaka 2008, hakuna tena wa kugonga mlango. Namba ya kutumia pesa iko hapohapo chini ya orodha, na orodha yenyewe hupandishwa upya kila jioni. Aliyemaliza ana tiki. Aliyepunguza kaandikiwa alichotoa na kilichobaki. Ambaye bado, kaachiwa nafasi tupu inayoonwa na watu zaidi ya mia mbili, wakiwemo wakwe watarajiwa.

Siipingi michango, nisieleweke vibaya. Ukumbi wetu sisi ulilipiwa na watu, na daftari lenye majina yao bado liko kabatini chini ya vyeti vya watoto. Mwaliko ukija, mimi hulifungua kwanza. Nikikuta aliyetoa elfu kumi wakati elfu kumi ilikuwa pesa, huyo simkwepi hata kama mwezi uko tarehe ishirini na saba. Ila mwenzake wa kazini huyu hakuwemo kwenye daftari. Nililipitia kurasa zote, mpaka za vyombo vilivyoazimwa.

Basi ingeishia hapo, lakini Mama, mkwe wangu, anaishi nasi hapa Tabata, na kwa Mama hongera ya mwanamume si hongera. "Amempongeza baba. Mama wa kijana kapongezwa na nani?" Yeye ni wa Pangani, mwanafunzi wa enzi za Redio Tanzania Dar es Salaam, zama za kadi za salamu, mtu anajaza majina mpaka pembeni kisha anakaa wiki nzima na sikio kwenye redio akisubiri asomwe. Alimshikisha mjukuu simu, akajiweka sawa kitini, akatoa ujumbe wa sauti kama aliyepewa studio. Salamu ziwafikie mama wa kijana, baba wa kijana, shangazi mtu, mjomba mtu, wapishi, wapiga ngoma, na wengine wote ambao muda hauruhusu kuwataja. Akapiga na vigelegele. Ujumbe ule ulipendwa, ukasambazwa, ukachezwa mpaka upande wa bi harusi. Asubuhi yake: "31. Bibi wa Tabata, 50,000."

Mwanangu mkubwa ndiye aliyefuata, naye alikuwa anasahihisha tu. Baba yake, baada ya kusikia sifa za Mama, alitaka naye atume sauti, akaanza kuwaombea maharusi upatano na watoto wa kiume tele. Kijana akamkatiza. Ustadhi wao madrasa aliwafundisha kwamba Akil bin Abi Talib, ndugu yake Sayyidna Ali, alipooa watu walimwombea hivyohivyo, upatano na wana wa kiume, desturi ya Waarabu ya kabla ya Uislamu. Naye akawakataza, akawataka waseme alivyofundisha Mtume, kuwaombea maharusi baraka. Baba watoto alinyamaza kwa hasira ya mtu aliyeshindwa na mtoto wake mbele ya mama yake. Kijana akaiandika dua yote kwa herufi za Kiarabu, hana simu, akaitumia yangu. Mhazini hakuandika jina la mtoto. Aliandika, "32. Mama Ustadhi, 50,000." Mimi sijatamka hata hongera.

Wa nne ni dada anayetusaidia kazi. Mama mwenye shughuli alishachukua namba yake kwa ajili ya oda ya vitumbua, naye kwa adabu akamwandikia, "Hongera mama." Akapangiwa elfu thelathini. Huyu ndiye pekee ndani ya nyumba yetu mwenye akili ya pesa: alisoma orodha, akauliza, "Jamani hii ni ya nini?", akajitoa kwenye grupu. Wasimamizi wa grupu wakaona maandishi kwamba fulani ametoka. Simu ya kuulizwa kulikoni ilipigwa kwangu.

Jumla, laki mbili na elfu thelathini, kutoka mfuko mmoja. Na si pesa tu. Mtu wa tuko pamoja hawezi kukataa uongozi, kwa hiyo baba watoto alipewa kamati ndogo ya vinywaji, na kamati ndogo ya vinywaji ikaona sebule yetu iko kati kwa kati. Kila Jumapili saa kumi viti vinapangwa, mwenyekiti anachelewa, katibu anasoma kumbukumbu za kikao kilichopita ambamo hakuna lililotekelezwa, na wajumbe wanakunywa chai yangu wakijadili kama maji ya kunywa yawe ya chupa ndogo au kubwa. Kreti za soda zilianza kukaa kwenye korido mapema mno. Usiku unakwenda chooni unajigonga mguu, unakumbuka ndoa za watu.

Kisha zikaja habari. Kuna mvutano wa mahari. Wazee wa upande wa pili wamesimamisha maandalizi, na mwenye kujua alisema pete imerudishwa. Sikuwahi kuona huzuni iliyochangamka kama ya mume wangu usiku ule. Alivaa kandambili akaenda kwa jirani yetu, karani mstaafu wa mahakama, kuuliza kama alichokwisha kutoa kinarudi. Jirani alimpa kiti, akamweleza kwamba Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 71, inaruhusu kudai zawadi iliyotolewa kwa kutazamia ndoa ambayo haikufungwa, ila mahakama lazima iridhike kwamba mtoaji alikusudia iwe kwa sharti la ndoa kufungwa.

"Wewe uliandika sharti gani?"

"Niliandika tuko pamoja."

"Basi ndugu yangu, mko pamoja."

Angerudi akalala, tungesalimika. Lakini mtu wa hongera ni mtu wa pole pia. Palepale barazani kwa jirani alifungua grupu akaandika, "Poleni sana vijana wetu, Mungu ana mpango wake, tuko pamoja." Pete haikuwa imerudishwa. Wazee walikuwa wamekaa jioni ileile, mahari imekubaliwa, na bi harusi mwenyewe alikuwa kwenye grupu tangu Ijumaa. Baba watoto alifuta ujumbe, likabaki lile tangazo la kwamba umefutwa, na kila ambaye hakuusoma akamwomba aliyeusoma amtumie.

Mama alikaa kimya, kisha akaniambia, "Mwanangu, simu zenu ziwekeni kabatini. Nitakwenda mwenyewe." Asubuhi tulikwenda Kariakoo. Muuza kanga alitupangia doti nzuri nzuri, Mama akazisukuma zote bila kusoma. Kanga ina pindo, ina mji, ina jina, na baada ya ile pole, jina lolote ambalo angelipeleka kwa mama wa bi harusi lingekaliwa kikao litafutwe fumbo lake. Alitaka kisutu, chekundu, cheusi na cheupe, kanga ya maharusi ya pwani tangu zamani, na visutu vingi vya asili havina jina. Alikunja doti moja, akapanda daladala, akapokelewa. Alirudi magharibi na sahani ya halua, hakusimulia kitu zaidi ya kwamba chai yao ina tangawizi nyingi.

Kesho yake orodha ilipandishwa ikiwa imerekebishwa. Namba 31, 32 na ile ya dada zimeondolewa, na ya kumi na nne inasomeka, "Familia ya Tabata, pamoja na Bibi." Ahadi ni ileile laki moja.

Ndoa imefungwa, na kadi yetu ilikuwa ya watu wawili kweli, meza ya nyuma karibu na spika. Mama aliingia bila kadi, akakalishwa mbele na wakwe. Jana mhazini ameandika: "Ndugu wajumbe, shughuli imekwisha salama lakini deni la ukumbi bado. Tunaomba mlioahidi mkamilishe." Sisi tunadaiwa elfu thelathini.