Ng'ombe wa Kilo 129

Ukitaja Kiganjo, anayekusikia atafikiria polisi au maziwa. Chuo cha polisi kiko hapa na kiwanda cha maziwa kiko hapa, kwa hivyo asubuhi ya Julai, Mlima Kenya ukiwa haujulikani ulipo kwa ukungu, huku utasikia makurutu wakikimbia wakiimba, na kule mikebe ikigongana juu ya pikipiki. Mimi si polisi wala mfugaji. Ninaandika programu za kompyuta, kazi ambayo kwetu huwekwa fungu moja na kubadilisha kioo cha simu na kujaza fomu za kodi za KRA.

Chama kimoja cha wafugaji, ambacho sitakitaja kwa sababu bado nakaa hapahapa, kilitaka kuachana na daftari. Karani apime maziwa, aingize kilo kwenye simu, na usiku kila mfugaji apate ujumbe: asubuhi ngapi, jioni ngapi, jumla ngapi. Kazi ndogo, nikawaambia. Na kweli ni ndogo. Kilo zinakaa kwenye hifadhidata ya PostgreSQL iliyo kwenye seva. Ili programu yangu ya JavaScript iongee nayo, unachukua maktaba iliyokwisha kuandikwa na wengine, iitwayo pg. Ni kama mkalimani: inapeleka swali lako, inarudi na jibu.

Shida ni kwamba mkalimani huyu ana hofu zake. JavaScript ilitungwa na Brendan Eich kwa siku 10 mnamo Mei 1995, na mpaka leo namba yake ya kawaida inaaminika hadi 9,007,199,254,740,991 tu. Ikizidi hapo huanza kukadiria. Sasa, hifadhidata inaweza kuweka namba kubwa kuliko hiyo, kwa hivyo pg, kwa tahadhari, kila namba kamili ya aina ya bigint huileta ikiwa maandishi. Wakamue ng'ombe wote wa Nyeri, Kirinyaga na Meru tangu mkoloni alete wa gredi wa kwanza, namba hiyo hutaifikia. Lakini maktaba haikuja Kiganjo kuhesabu ng'ombe. Nami kilo zangu nilizitunza kama bigint.

Na JavaScript ukiipa maandishi mawili ukaweka alama ya kujumlisha katikati, haijumlishi. Inayabandika.

Usiku wa kwanza Cucu mmoja, bibi mwenye ng'ombe mmoja wa gredi, alipata ujumbe: asubuhi 12, jioni 9, jumla 129. Akamwambia mjukuu asome tena, pole pole. Asubuhi alifika kituoni kabla ya karani, amevaa sweta ya kanisani.

"Haya mahesabu yamefanywa na nani, mwanangu?"

"Kompyuta, Cucu."

"Basi wewe usiyaguse."

Angetosheka, ila nyuma yake kwenye foleni jirani alikuwa na 9 za asubuhi na 12 za jioni, maziwa yaleyale kilo 21, na simu yake ilisema 912. Hapo ndipo zogo lilipoanza. Cucu hakulalamika kwamba 129 ni nyingi. Alilalamika kwamba ni chache.

Aliyeokoa hali, au aliyeiharibu kabisa, ni mwalimu mstaafu wa hesabu. Aliomba simu za watu, akakaa kwenye benchi la kibanda cha chai, akapiga mahesabu nyuma ya kalenda. Nilimwona kwa macho yangu akipigia mstari mara mbili, kama mtu aliyesahihisha mtihani na kukuta mwanafunzi amepata yote. Kisha akatangaza: maziwa ya jioni yakiwa chini ya kilo 10, ya asubuhi yanazidishwa kwa 10. Yakifika 10, ya asubuhi yanazidishwa kwa 100. Halafu unaongeza ya jioni.

Jaribu mwenyewe. Mwalimu hakukosea hata nukta. Aliamini kiwanda kinapungukiwa na maziwa ya jioni na kimeamua kuwatia watu moyo, na sababu hiyo ilikuwa na mantiki kuliko yangu.

Siku hiyo Kiganjo ilikunywa chai ya strungi. Kila tone lililobaki la asubuhi lilifichwa kwenye sufuria, ndama wakaachishwa ziwa kabla ya wakati, na jioni foleni ikapita geti. Cucu alileta 11 asubuhi na 10 jioni. Jumla 1110. Wanunuzi wa mitamba walifika kwake wakiwa wawili, wakamzunguka yule ng'ombe kimyakimya, mmoja akainama kumtazama kiwele.

Kurekebisha ni neno moja: Number, unaliweka kabla ya kila kilo, maandishi yanarudi kuwa namba. Nililiweka usiku, na kufikia asubuhi nilikuwa adui wa maendeleo. Nilipojaribu kueleza mkutanoni kwamba nyumbani nilijaribisha kwa namba nilizocharaza mwenyewe na zikajumlishwa sawasawa, kamati ikaniuliza mbona basi sikuziacha hukohuko nyumbani. Katika mengineyo, Mwalimu alitaka kujua kama zile siku mbili zitalipwa kwa kanuni ya zamani. Mweka hazina akaomba maji.

Mambo yametulia tangu hapo. Chama kimenunua mizani mpya inayosoma hadi nukta, nami kilo sizitunzi tena kama namba kamili. Wiki iliyopita mzee ambaye ng'ombe wake yuko karibu kukauka alileta 1.1 asubuhi na 2.2 jioni, na programu ikamtumia jumla jinsi JavaScript inavyoijua: 3.3000000000000003.

Alimfuata karani na simu mkononi, kidole kikiwa kwenye ile 3 ya mwisho kabisa.

"Hii nayo," akasema, "mnailipa lini?"