Chupa ya Baba

Baba alipotimiza miaka 70, kazi ya kutengeneza slaidi niliangushiwa mimi, kwa kuwa katika ukoo wetu ndimi "mtu wa kompyuta". Cheo hicho nilikipata siku nilipomsaidia mjomba kuipata tena nywila yake, na tangu hapo sijapumzika.

Picha nzuri kuliko zote ilikuwa ya 1991: Baba kasimama barazani, kifua mbele, anacheka. Ubaya ni mkono wa kulia. Ulishika chupa ya bia, na Baba wa leo ni mzee wa kanisa. Mchungaji naye kaalikwa, meza ya mbele.

Nikafungua PowerPoint. Programu hii ipo tangu 1987, ni kongwe kuliko picha yenyewe, nikadhani itawastahi wazee. Wapi! Kuna vishikio vyeupe vya kubadili ukubwa na vyeusi vinene vya kukatia. Mimi nikavuta cheupe cha ubavuni. Chupa haikutoka, ilikonda tu, na Baba akakonda nayo akawa kama mlingoti. Nikatengua, nikashika cheusi, nikakata. Kisha tamaa ikaniingia, nikataka picha iwe ya duara. Nikapata yai, masikio yote mawili nje! Ilifika saa saba usiku ndipo nikagundua kwamba upana na urefu lazima vilingane kwanza. Masikio yakarudi, chupa haipo. Nikalala usingizi wa mtu mwema.

Kumbe programu hizi hazikati, zinafunika. Keynote ya Apple walau haifichi: kwao jambo hilo huitwa barakoa, na barakoa haijawahi kumng'oa mtu meno. Kipande ulichodhani umekitupa kimekaa mumo humo kwenye faili, mpaka uiamuru programu ibane picha na utie tiki kwamba vilivyokatwa vifutwe. Tiki hiyo mimi nitaijulia wapi?

Ukumbini, binamu yangu aliyekaa na laptopu aliona duara limeegemea upande. Akataka kunisaidia. Akatoka kwenye onyesho, projekta inawaka, akabofya kitufe cha kuirudisha picha ilivyokuwa mwanzo.

Ukuta mzima, Baba na chupa yake. Mchungaji akainamia glasi yake ya maji.

"Hiyo ilikuwa soda," Baba akasema kwa sauti. Hakujibiwa. Watu walikuwa wanamtazama Mama, na Mama anatazama kona ya picha, ile niliyoikata pamoja na chupa bila hata kuiangalia. Pale nyuma alikaa Shangazi, enzi za usichana wake, ndani ya gauni la kitenge cha majogoo, kola ya duara, vifungo vyekundu vikubwa.

Gauni hilo "liliibwa kambani". Tumelelewa na habari zake. Kwa ajili yake Mama hakusalimiana na jirani yetu mmoja miaka minne, hadi tukahama mtaa wakiwa bado wamenuniana.

Shangazi, meza ya pili, ghafla akapata kazi kubwa ya kuchambua mifupa ya kuku.

"Wifi," Mama akaita, taratibu kabisa. Ukumbi ukanyamaza, feni tu zinasikika. Halafu akanigeukia mimi.

"Mwanangu, hebu ikuze hapo kwenye kola."