Jamii za Makosa ya Chapa katika Maji ya Kalemie

Wataalamu wa viumbe wamehesabu mamia ya samaki katika Ziwa Tanganyika, wengi wao hawapatikani kwingine popote. Makosa ya chapa hayajapata mtaalamu wake. Kwa kuwa nasoma prufu hapa Kalemie, pale Lukuga inapotokea ziwani, najitwisha kazi hiyo bila kuombwa.

Jamii ya kwanza ni ndagala, ambaye wenzetu wa Kigoma humwita dagaa: herufi moja iliyopotea njia. Udogo wake usikudanganye. Kadi ya harusi iliyotangaza kwamba kijana ameridhia "kumuua" binti wa watu haikukosea zaidi ya herufi moja. Ndagala wa ziwani hufuata taa usiku. Huyu huikimbia, humwoni hadi vitabu vimeshashushwa garini mchana kweupe.

Wa pili, mgebuka, huenda kwa makundi. Huzaliwa mhariri anapoiamuru kompyuta ibadilishe neno kitabu kizima, kisha akaenda kunywa chai. Enzi za Mobutu, Katanga yetu iliitwa Shaba. Mswada wa miaka hiyo ukija, mwenye haraka hugeuza kila "Shaba" kuwa "Katanga". Ukurasa wa 12 unapendeza. Ukurasa wa 40 fundi anafunga umeme kwa waya wa Katanga. Mwaka 2015 jimbo likagawanywa, sisi tukawa Tanganyika, naye akageuza tena: sasa bibi anapikia sufuria ya Tanganyika. Mswada huohuo ulikuwa na "Kalemie, ambayo zamani iliitwa Kalemie". Albertville, pumzika kwa amani.

Sangala ndiye wa kuogopwa, maana hana kosa la kuonekana. Kitabu kimoja kutoka ng'ambo kiliandika kwamba kina cha ziwa ni mita 1,470. Kwa Mtanzania, sahihi kabisa. Lakini sisi tulifundishwa hesabu kwa Kifaransa, na kwetu mkato hutenga desimali. Basi ziwa la pili kwa kina duniani, baada ya Baikal, likawa na mita moja na sentimeta 47: maji ya mabegani, mtoto ashikwe mkono tu. Kompyuta yangu, iliyosomea Kifaransa, ilikuwa imepigia mstari mwekundu kila neno la Kiswahili katika ukurasa ule. Tarakimu ndiyo pekee iliyoiona safi.

Nilimpelekea jirani yangu mvuvi. Aliusoma mstari mara mbili, akaninyanyulia macho: "Papa, huyu muntu alipimia wapi? Fasi bamama banafuliaka nguo?"

Nikaamua kumaliza ubishi kwa kuandika namba kwa maneno. Prufu ikarudi jioni kutoka kwa mpiga chapa, nadhifu, imebanwa kwa pini: kina cha Ziwa Tanganyika ni mita elfu moja mia nne na sabuni.