Ngisi Alipojenga Tovuti ya Mikokoni

Mikokoni Moa, ng'ambo ya Pemba, samaki na kaa walikuwa na ushirika wao, mwenyekiti Chewa. Kazi kubwa ya ushirika ilikuwa kutangaza saa za maji. Pwani ile maji ya bamvu hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na kila siku huchelewa kiasi cha dakika 50, hivyo saa ya jana haimfai mtu leo. Asiyewahi kutoka vijitoni maji yakipwa hubaki dimbwini, na dimbwini yupo Korongo.

Miaka yote Kaa ndiye aliyepita na mbiu. Chewa akasema mbiu imepitwa na wakati, ijengwe tovuti. Kazi akapewa Ngisi, fundi wa rangi.

Ukiifungua unalakiwa na picha ya Chewa. Hujaitazama vizuri, inasogea, anakuja Chewa akikata utepe, kisha Chewa na wageni wake. Chini yake menyu: Dira na Dhima, Salamu za Mwenyekiti, Idara, Vitengo, Machapisho. Rangi zinabadilika hata hujui kipi kitufe na kipi pambo. Siku ya uzinduzi makofi yalipigwa, na hakuna aliyeisifu tovuti ile kuliko Korongo.

Mama Mwatiko alikuwa kijitoni na wanawe. Akabofya Idara, akaenda Vitengo, akaangukia Machapisho, akakuta faili la mwaka mzima linalotaka kupakuliwa. Likazunguka, likazunguka, bando likaisha. Alitoka dimbwini na watoto wachache kuliko alioingia nao.

Alipolalamika, Chewa alijibu: "Taarifa ipo. Tatizo hamsomi."

Jibu hilo linaniuma, kwa sababu nalisikia hata nje ya mikoko. Ukurasa wa kwanza wa wavuti, alioutengeneza Tim Berners-Lee pale CERN na kuuweka wazi mwaka 1991, ulikuwa maandishi na viungo tu, na aliyefika aliona pa kwenda. Menyu iliyopangwa kwa kufuata vyeo vya ofisi inamtaka mwananchi ajue kwanza nani anashughulikia nini humo ndani. Atajulia wapi? Yeye amekuja na swali lake moja, mara nyingi ana haraka, na simu yenyewe kioo chake kimepasuka.

Kule mikokoni, Bibi Kasa ndiye aliyemwita Ngisi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umewahi kumtazama mtu akiitumia hiyo tovuti yako?"

"Bado, bibi."

"Basi kaa hapa, na unyamaze."

Akawaita watano: Dagaa, Kaa, Kamba, Taa na Mama Mwatiko mwenyewe. Watano wanatosha, Jakob Nielsen, mtafiti wa mambo haya, aliandika mwaka 2000 kwamba idadi hiyo hufichua kasoro nyingi. Kila mmoja akapewa simu na swali lile lile: leo maji yanapwa saa ngapi?

Dagaa alibofya picha ya Chewa, akangoja. Kamba hakuweza kusoma herufi za kijivu juu ya weupe. Kaa alizama Vitengo, akakosa njia ya kurudi mwanzo. Taa alifika kabisa pale penyewe, akapita, maana paliandikwa Takwimu za Haidrografia. Ngisi alifungua kinywa aelekeze. Bibi Kasa akamziba kwa kikono chake. Ilipofika zamu ya Mama Mwatiko, Ngisi alikuwa amepauka mwili mzima bila kukusudia.

Usiku ule aliibomoa. Juu kabisa akaandika kwa herufi nene nyeusi: Leo maji yanapwa saa 7:20 mchana. Chini yake vitufe vinne, kwa maneno aliyoyasikia kwa wale watano. Neno Mwanzo likakaa pembe ile ile katika kila ukurasa. Picha ya Chewa ikahamia Kuhusu Sisi.

Haikupita wiki, Korongo akaleta barua: tovuti ya awali ilikuwa na hadhi, irudishwe. Chewa aliisoma mkutanoni kwa sauti, na wajumbe kadhaa wakatikisa vichwa kukubali. Ngisi hakubishana. Alimpa simu mjumbe mzee kuliko wote, akamwomba atafute saa ya maji. Mzee akaitaja kabla Chewa hajamaliza kukunja barua.