Kijiko Kipi?

"Mkwe wangu," mama mkwe aliniuliza Jumapili iliyopita, akilirudisha taratibu kwenye kisahani andazi alilokwisha kuling'ata mara moja, "haya umeyakaanga au umeyafua?"

Shemeji alinielekeza kwa simu: kilo ya unga, mtindi, magadi meupe ya kopo "kijiko kimoja". Kijiko kimoja nikatia. Droo nzima ilibaki na kimoja tu, cha supu, nami nikakijaza mpaka kikaota kilima. Niliambiwa kijiko, sikuambiwa kipi, wala kama ni mfuto.

Sasa najua kilichotokea mle ndani, na nakiri kinanifurahisha kuliko inavyompasa mtu aliyeaibika. Magadi yakikutana na uchachu wa mtindi hutoa kaboni dioksidi, na hewa hiyo ndiyo inayolijaza andazi tumbo. Lakini uchachu una kiasi chake. Ukikwisha, magadi yaliyobaki hukaa kapera ndani ya unga, na yakionja moto wa mafuta hugeuka sodiamu kaboneti, ile ile ya kufulia nguo. Kwa hiyo mama mkwe hakunitukana. Alitoa jibu la maabara.

Na hicho kijiko cha chai chenyewe, alichokusudia shemeji, hakijawahi kutulia. Uingereza, enzi chai ilipokuwa ghali, kilikuwa robo ya kijiko cha chakula. Chai iliposhuka bei vikombe vikakua, kijiko nacho kikanenepa hadi theluthi. Leo cha kupimia ni mililita 5, cha chakula 15. Ukivuka hadi Australia, cha chakula ni 20. Nilipita kwa majirani na bomba la sindano: cha nyumba ya kwanza kilimeza mililita 3, cha nyumba ya pili karibu 6.

Bomba hilo sikulinunua kwa ajili ya maandazi. Jumanne mtoto alishikwa na homa, tukapewa dawa ya maji: "kijiko kimoja cha chai mara tatu kwa siku." Kikombe cha kupimia hakikuwemo. Nikarudi kwenye dirisha la dawa kuuliza kijiko kipi. "Kile cha kawaida, baba." Cha kawaida cha nyumba ipi? Dawa imepimwa kiwandani hadi miligramu, halafu kipimo cha mwisho, kile kinachoingia mwilini mwa mtoto, kinaachiwa droo ya mtu aliyeshindwa na maandazi. Hapo sioni cha kuchekesha.



Vijiko vyetu vya chai vilikwenda wapi? Watafiti wa Melbourne waliwahi kutia alama vijiko 70 katika taasisi yao. Baada ya miezi 5, 56 havikuonekana. Matokeo yalichapishwa mwaka 2005, na mpaka leo hakuna aliyekamatwa.

Nyumbani kwangu nina mshukiwa. Tangu mama mkwe aondoke, hata kile cha supu sikioni.